Kijana akisema yuko "all in", anacheza poka gani?

Mama mmoja mkazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia barua fupi yenye swali zito. Mwanawe wa kiume yumo mwaka wa pili chuoni. Kila jioni kijana hujifungia chumbani na simu yake, na akiulizwa anafanya nini hujibu kwamba anacheza poka na wenzake.

Mama hakuona ubaya wowote. Poka anaijua fika. Aliicheza bwenini alipokuwa shule ya upili, na mpaka leo mvua ikinyesha Jumapili huicheza na wanawe sebuleni. Lakini hivi majuzi alimsikia kijana akimsimulia mwenzake: "Nilienda all in kwa river, nikapigwa bad beat, ikabidi nifanye rebuy." Mama anasema alibaki amesimama kando ya mlango na sufuria mkononi, asielewe hata neno moja. Je, hiyo ni poka gani? Na je, kuna la kumtia wasiwasi?

Nadhani swali hili ni la wazazi wengi, maana jina hilo moja limebeba michezo miwili isiyo na undugu. Mama anaujua mmoja, kijana anaucheza mwingine, na kila mmoja anasema kweli.

Poka ya mtaani kwetu, ile ya "niko kadi", ni mchezo wa kumaliza karata. Kila mtu hupewa karata chache, moja hufunuliwa mezani, na zamu yako ikifika unaweka inayolingana nayo kwa aina au kwa nambari. Mbili humlisha jirani yako karata mbili, tatu humlisha tatu. J humruka mtu, K hurudisha mchezo ulikotoka, Q na 8 ni maswali yanayotaka jibu, nayo A hukupa ruhusa ya kuitisha aina uitakayo. Ukikaribia kumaliza sharti utangaze "niko kadi", la sivyo wenzako hawatakukubalia ushindi. Sheria hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na ugomvi mwingi wa watoto huanzia hapo. Ng'ambo mchezo wa ukoo huu huitwa Crazy Eights, na ule wa karata za rangi uitwao UNO, uliotungwa Marekani mwaka wa 1971, ni mjukuu wake. Anayeshindwa huosha vyombo. Basi.

Poka ya pili ni ya Kimarekani, nayo haina haja na kumaliza karata. Ni mchezo wa dau tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiondoa dau hakubaki mchezo, kwa sababu lengo si kuwa na karata nzuri bali kuwafanya wenzako walipe ukiwa nazo, na wakimbie usipokuwa nazo. Mtu asiye na cha kupoteza hakimbii.

Ilikomaa katika karne ya 19, mjini New Orleans na katika meli za mvuke zilizopanda na kushuka mto Mississippi. Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na mchezo wa Kifaransa ulioitwa poque, na ndugu yake wa Kijerumani, Pochen. Mwanzoni ilichezwa kwa karata 20 tu: watu wanne, kila mtu tano, pakiti imekwisha. Baadaye ikaja pakiti kamili ya 52. Ndani ya meli hizo mlikuwa na wafanyabiashara wenye pesa mfukoni na safari ndefu mbele yao, na mlikuwa pia na walaghai waliopanda kwa nia ya kuwanyoa bila maji. Mwaka wa 1843 bwana mmoja aitwaye Jonathan Green, aliyekuwa mcheza kamari kabla ya kuacha, alichapisha kitabu cha kufichua hila zao.

Kiswahili hakikuzipata karata zake Mississippi. Kilizipata kwa Wareno, ambao walianza kufika pwani yetu mwaka wa 1498. Neno karata ni lao, turufu ni lao, na hata majina ya aina nne: kopa zenye alama ya moyo, uru zenye almasi, shupaza zenye alama mfano wa jembe, na pau, ambazo watoto wengi wa mjini huziita maua. Neno kamari, kwa upande wake, tulipewa na Waarabu. Nitayatumia majina hayo ya pwani, na wanafunzi wanaoyasikia kwa mara ya kwanza wayaweke akibani, mtihani hauna hodi.

Sasa tuketi mezani. Poka ya Kimarekani ina namna nyingi, lakini inayochezwa zaidi duniani siku hizi, na bila shaka ndiyo ya kijana wa Umoja, huitwa Texas Hold'em. Tuchukue watu wanne: dereva, mwalimu, fundi na nesi, wameketi kwa mpangilio huo kuelekea kushoto.

Mbele ya dereva kuna kisahani kidogo. Hicho ni "button", alama ya kwamba safari hii yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mgawaji. Kila mgao ukiisha, kisahani husogea mtu mmoja kushoto. Mwalimu na fundi wanaomfuata wanalazimika kuweka pesa kabla hawajaona karata yoyote, na kwa hiyo dau lao huitwa "blind", dau la kipofu. Mwalimu anaweka dogo, tuseme shilingi 10, na fundi kubwa, shilingi 20. Kwenye namna nyingine za poka kila mtu hutoa kitu kabla ya karata kugawiwa. Kiasi hicho ni "ante", neno la Kilatini lenye maana ya kabla. Pesa zote zinazowekwa hukusanyika katikati ya meza, na fungu hilo ni "pot", chungu.

Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Hizo ni "hole cards". Nesi ndiye wa kwanza kusema. Analipa shilingi 20 kulingana na dau la fundi. Kitendo hicho ni "call", na hakihusiani na kupiga simu. Dereva anapandisha hadi 60, hiyo ni "raise". Mwalimu anazitazama karata zake, anakunja uso na kuzisukuma mbali. Amefanya "fold", amejitoa, na zile shilingi 10 zake zimekwenda. Fundi anaongeza 40, nesi naye 40. Chunguni mna shilingi 190.

Ndipo karata tatu zinafunuliwa mezani kwa pamoja, mali ya wote. Hizo tatu ni "flop": K ya kopa, 7 ya kopa na 2 ya pau. Fundi anagonga meza kwa kidole. Huko ni "check", kupisha zamu bila kuweka kitu na bila kujitoa, na kunaruhusiwa tu ikiwa hakuna aliyekwisha kuweka dau. Nesi naye anagonga. Dereva, ambaye mkononi ana K na Q, anajua amepata jozi ya wafalme na anaweka 100. Fundi anajitoa.

Mtazame nesi. Mkononi ana A na 9, zote za kopa, na mezani kuna kopa mbili. Akipata moja zaidi atakuwa na tano za aina moja, na jozi ya dereva itakuwa si kitu. Karata zinazoweza kumwokoa mtu huitwa "outs". Pakiti ina kopa 13, nne anaziona, zimebaki tisa. Karata asizoziona yeye ni 47. Kwa hiyo karata ijayo ina nafasi ya tisa katika 47, chini kidogo ya moja kwa tano. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya hesabu hii kwenye kiganja, na ningependa waalimu wa hisabati waikope. Nesi analipa 100. Chunguni sasa mna 390.

Karata ya nne ya mezani huitwa "turn". Inatokea 4 ya uru. Nesi anagonga, dereva naye anaingiwa na woga anagonga. Karata ya tano na ya mwisho ndiyo "river", mto. Inatokea 7 ya pau. Kopa aliyoisubiri nesi haikuja.

Anachukua dakika nzima, kisha anasukuma mbele kila alicho nacho, shilingi 600. Hiyo ndiyo "all in": umeweka vyote, huna tena cha kuongeza wala cha kurudi nacho. Dereva anatazama zile saba mbili zilizo mezani. Je, nesi anayo saba ya tatu mkononi? Kama anayo, wafalme wake wamekwisha. Anafikiri, anamtazama nesi usoni, mwishowe anatupa karata. Nesi anakusanya shilingi 390 bila kumwonyesha mtu yeyote alichokuwa nacho, wala sheria haimdai aonyeshe. Karata hufichuliwa tu kama wawili au zaidi wamelipana hadi mwisho, na kule kufichuliana kunaitwa "showdown".

Alichofanya nesi ni "bluff". Kiswahili cha mitaani kina msemo wake, na ni mzuri kuliko tafsiri yoyote: alimtishia nyau. Na kwa kuwa alikuwa na kopa nne akajifanya ana mkono wa haja, Wamarekani wangemwita "four-flusher", mwenye nne za aina moja anayetaka aonekane ana tano. Neno hilo lilitoka mezani likaingia mitaani, na kwao maana yake ni laghai tu, hata kama mtu huyo hajawahi kushika karata.

Uso wa nesi, ambao haukusema lolote, ni "poker face". Kama angejikuna sikio kila anapodanganya, kujikuna huko kungeitwa "tell", ishara inayomtoboa mwenyewe.

Niseme kidogo juu ya mikono inavyopishana, kwani wanafunzi huniuliza kwa nini wanaikariri kama shairi bila sababu. Sababu ipo. Kati ya karata 52 unaweza kuchagua mikono ya karata tano mara 2,598,960. Kadiri mkono ulivyo adimu ndivyo unavyoheshimiwa. Mikono isiyo na chochote ni 1,302,540, nusu ya yote, kwa hiyo ukipewa takataka usidhani umerogwa. Yenye jozi moja ni 1,098,240. Tano zinazofuatana, "straight", ziko njia 10,200. Tano za aina moja, "flush", ziko 5,108, na ndiyo maana flush humshinda straight. Tatu kwa mbili, yaani "full house", ni 3,744. Karata nne za nambari moja ni 624. Juu kabisa kuna "royal flush", kuanzia 10 hadi A za aina moja. Ziko nne tu duniani, mara moja katika kila mikono 649,740. Wengi huzeeka mezani bila kuiona.

Uongo huo wa nesi umesomewa vyuoni. Mtaalamu wa hisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungary, aliandika juu ya michezo mwaka wa 1928, na mwaka wa 1944 yeye na mwanauchumi Oskar Morgenstern wakatoa kitabu kikubwa kilichofanya nadharia ya michezo kuwa somo. Poka imo ndani, na kutishia nyau kumepewa hesabu yake: asiyedanganya kamwe husomeka, na anayedanganya daima husomeka vilevile. Somo hilo leo hutumiwa na wanauchumi na hata wapanga vita.

Maneno mengine ya poka yamo magazetini kila siku, tena kwa watu wasiojua yalikotoka. Ukisoma kurasa za biashara utakuta kampuni fulani katika Soko la Hisa la Nairobi ikiitwa "blue chip". Kwenye meza za Marekani visahani vya rangi ya samawati ndivyo vilivyokuwa na thamani kubwa, na miaka ya 1920 watu wa soko la hisa la New York wakalichukua jina hilo kwa hisa za bei ya juu. Mtu akikusukumia lawama Mwingereza atasema ame-"pass the buck". Buck ilikuwa kitu chochote kilichowekwa mbele ya mgawaji kabla ya visahani vya leo, na asiyetaka kugawa aliipitisha kwa jirani. Rais Harry Truman, aliyetawala Marekani kutoka 1945 hadi 1953, aliweka mezani pake kibao kilichosema kwamba kwake buck haipiti tena. Nayo jozi ya A na jozi ya 8 huitwa mkono wa maiti, kwa sababu inasimuliwa kwamba ndizo alizoshika Wild Bill Hickok alipopigwa risasi kisogoni akicheza poka mjini Deadwood tarehe 2 Agosti, 1876.

Mpaka hapa mama wa Umoja anaweza kutulia. Flop, turn, river, call, check, haya ni maneno ya mchezo kama vile kona na penalti zilivyo za kandanda. Mtoto anaweza kuyatumia akichezea njugu.

Yapo maneno mengine, na hayo ndiyo ya kutega sikio.

La kwanza ni lenyewe "chips". Si vile vibanzi vinavyouzwa na kuku mjini. Ni visahani vya plastiki, au picha yake kwenye simu, vinavyowekwa mezani badala ya pesa. Kazi yake ya wazi ni kurahisisha hesabu. Kazi yake ya pili haitangazwi: noti ya elfu moja ikikutoka mkononi unaiona ikienda, lakini kisahani chekundu ni kisahani tu. Kwenye simu hata mlio wake umetengenezwa upendeze. Kiasi unacholipa ili uketi mezani ni "buy-in", bei ya kiti. Chips zikiisha na ukanunua nyingine, hiyo ni "rebuy".

"Stakes" ni ukubwa wa dau la meza. "Bankroll" ni pesa alizozitenga mchezaji kwa ajili ya poka pekee, mbali na kodi ya nyumba na karo. Mtu anayelitaja neno hili na kulitii ana breki. Asiyelijua ana pesa za mfukoni na zikiisha anakopa.

"Bad beat" ni kushindwa ukiwa mbele. Ulikuwa na mkono mzuri, hesabu zote zilikuwa upande wako, kisha karata ya mwisho ikamwokoa mwenzako aliyekuwa na nafasi ndogo. Hutokea kwa kila mtu. Ubaya wake ni kwamba humwachia mchezaji imani kwamba alicheza sawa na bahati ndiyo iliyomwonea, kwa hiyo anastahili kulipwa.

Hapo ndipo huja "tilt". Neno lilitoka kwenye mashine za pinball: mchezaji akiitikisa kwa hasira, taa ya tilt huwaka na mchezo hukatika. Mezani hakuna taa ya kuwaka. Mtu amepandwa na mori, anafukuzia pesa zilizokwenda, anaweka dau kwa karata ambazo saa moja kabla angezitupa. Wenzake wanaona. Ukisikia kijana akisema kwa kicheko "jana nilikuwa tilt", jua anakueleza kwamba alicheza asipojiweza.

"Fish" ni samaki, mchezaji dhaifu anayeliwa na wengine. "Shark" ni papa anayemla. Hakuna poka bila samaki, kwa kuwa mchezo wenyewe hauzai kitu. Kila shilingi ya mshindi imetoka mfukoni mwa jirani yake. Richard Nixon alicheza sana alipokuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu ya alichoshinda ilimsaidia katika kampeni yake ya kwanza ya kugombea ubunge mwaka wa 1946. Hadithi hiyo husimuliwa kwa sifa. Wanamaji waliomlipia kampeni hiyo hawasimuliwi.

Na liko neno fupi kuliko yote ambalo wachezaji wapya karibu hawalitaji: "rake". Ni reki, kama ile ya kukusanyia majani uani. Mwenye meza, awe kasino au mtandao, hachezi. Yeye hukokota sehemu ndogo ya kila chungu kabla mshindi hajakichukua. Tufanye hesabu ya mfano. Watu sita wameketi na shilingi 2,000 kila mmoja, jumla 12,000. Vyungu vina wastani wa shilingi 400 na mwenye meza anachukua asilimia tano, yaani shilingi 20. Wakicheza mikono 30 kwa saa, reki imebeba 600. Baada ya saa nne imebeba 2,400, sehemu moja kwa tano ya pesa zote zilizoingia, na hakuna aliyeibiwa. Kwenye simu mikono huenda kasi zaidi, na mtu anaweza kufungua meza mbili tatu kwa wakati mmoja. Kwenye meza ya namna hiyo haitoshi kuwa bora kuliko jirani yako. Sharti uwe bora kwa kiasi cha kumlipa na mwenye meza pia.

Vijana watanijibu kwa jina moja: Chris Moneymaker. Ni jina lake halisi, si la jukwaani. Alikuwa mhasibu wa Tennessee. Mwaka wa 2003 alishinda nafasi kupitia mchezo wa mtandaoni wa dola 86, akaenda kwenye Mashindano ya Dunia ya Poka mjini Las Vegas, ambayo yalianza mwaka wa 1970, na akatoka na dola milioni 2.5. Ni kweli kabisa. Mwaka huo waliingia watu 839. Mwaka uliofuata waliingia 2,576, na kufikia 2006 walikuwa 8,773, wengi wao wakiwa na ndoto ya yule mhasibu. Ada ya kuingia ilikuwa dola 10,000 kwa kila kichwa. Bingwa kila mwaka alikuwa mmoja, na wengi waliobaki walirudi kwao mikono mitupu.

Tangu wakati huo kumetokea jambo jingine. Mwaka wa 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 dhidi ya mabingwa wanne huko Pittsburgh ikawashinda wote. Mwaka wa 2019 nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Mashine haina uso wa kutazamwa wala haipandwi na mori. Kijana aliyejifungia chumbani na simu hana njia ya kujua kama yule "mchezaji" wa upande wa pili ni mwanafunzi mwenzake au ni programu isiyolala.

Basi nimfasirie mama ile sentensi. Mwanao aliweka kila alichokuwa nacho mpaka karata ya mwisho. Huenda alikuwa na mkono mzuri. Karata ya mwisho ikamgeuka, akapoteza vyote, kisha akanunua chips nyingine akaketi tena. Neno la kukushtua si "all in", ingawa ndilo lenye kishindo. Ni "rebuy", lile alilolitamka mwishoni kana kwamba ni jambo la kawaida.

Lakini usimrukie. Zipo programu nyingi za simu ambazo chips zake hutolewa bure, na ndani yake mtu aweza kwenda all in mara hamsini kwa usiku asipoteze hata senti. Sheria ya Kenya humkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Wako amekwisha kuuvuka umri huo, kwa hiyo hutamshika kwa sheria bali kwa mazungumzo. Mwulize kwanza buy-in ya meza yake ni kiasi gani, na inalipwa kwa nini. Akitaja shilingi, mwulize juzi alifanya rebuy ngapi, na kabla ya kuketi alikuwa amejiwekea mwisho wa kiasi gani. Hili la tatu ndilo nitakalokushauri umsikilize vizuri. Mwenye jibu atakupa nambari papo hapo. Asiye nalo ataanza kukueleza jinsi ile river ilivyomwonea, na hapo omba mtazame pamoja taarifa ya pesa za simu yake ya mwezi uliopita, mstari kwa mstari.

Akikuambia chips zake ni za bure na ikathibitika, mwambie akufundishe. Kwa meza ya sebuleni maharagwe yanatosha: mekundu kumi yawe sawa na jeupe moja, na atakayeishiwa asiruhusiwe kwenda jikoni kuongeza.